Anwani ya Mtoto Asiyelala Kwangu

Fomu ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza uliuliza jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na chanjo alizopata. Wa pili ulikuwa kiapo: mimi, mwenye anwani hii, nathibitisha kwamba mtoto aliyetajwa analala nyumbani kwangu. Chini palikuwa na nafasi ya saini na ya muhuri wa afisa wa viapo. Mama mdogo aliiweka mezani kati ya sahani ya maandazi na chupa ya chai, akaisogeza kwangu kwa ncha ya kidole.

"Wewe si unakaa kule ng'ambo?" akasema. "Ni saini tu, mwanangu."

Ng'ambo ni kaskazini mwa Eight Mile, barabara pana inayoutenga mji wa Detroit, katika jimbo la Michigan, na vitongoji vyake vya kaskazini. Nilipanga chumba upande ule bila kujua lolote. Mwenye nyumba hakutaka kodi ya miezi mingi mbele, basi. Mama mdogo anakaa kusini, ndani ya mji. Kutoka kwake hadi kwangu ni dakika kumi na mbili kwa gari ukibahatika na taa za barabarani. Mwanawe, yaani mdogo wangu, maana kwetu mtoto wa mama mdogo haitwi binamu, alikuwa anakaribia miaka sita na mwezi wa tisa angeanza darasa la kwanza. Michigan ina sheria ya tangu 1996 inayoiruhusu wilaya ya shule kupokea watoto wa nje ya mipaka yake ikipenda. Wilaya ninayokaa mimi haikupenda.

"Kule wana maktaba na mtu wa maktaba," mama mdogo akaendelea. "Huku wameifunga, wameweka viti vibovu."

Ninasoma historia ya elimu, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na muhula ule nilikuwa nimezama katika makabrasha ya kesi iitwayo Milliken dhidi ya Bradley. Nilikuwa nimeandika kurasa thelathini kuhusu mpaka uleule ambao sasa nilikuwa naombwa kuuruka kwa kalamu. Nikaikunja fomu, nikaitia mkobani, nikasema nitamjibu.

Mtu aliyekulia Dar es Salaam hahitaji kufafanuliwa sana habari ya mji uliogawanywa kwa rangi. Majina tunayo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao leo watu huupita wakielekea Kariakoo, uliachwa wazi na mkoloni makusudi ili uwatenge Waafrika na wengine. Shule nazo zilikuwa za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila kundi na fungu lake la fedha, hadi sheria ya elimu ya 1961 ilipofuta mpangilio huo. Zanzibar neno lenyewe ni Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari, walikokaa wasio na nafasi Mji Mkongwe. Kwetu hakuna anayebishana kama jambo hili lilipangwa, kwa sababu mkoloni aliliandika. Detroit niliambiwa, tena na watu wenye nia njema kabisa, kwamba hakuna aliyeandika kitu. Watu walijitenga wenyewe tu, kila ndege na wa bawa lake. Ilinichukua karibu mwaka mzima kujua kwamba huku pia waliandika.

Nianze na ukuta. Uko kusini kidogo ya Eight Mile, kati ya mitaa ya Birwood na Mendota, urefu wake kama nusu maili, kimo chake futi sita hivi. Sehemu yake moja imepakana na uwanja wa kuchezea watoto, na hapo umechorwa picha za rangi: watoto wanapuliza mapovu, Rosa Parks anapanda basi. Nilimpeleka mdogo wangu pale Jumamosi moja, fomu ikiwa bado mkobani. Akautembeza mkono juu ya mapovu, akauliza, "Huu ukuta wa nani?"

Ulikuwa wa mjenzi wa nyumba. Tangu miaka ya 1920 familia za watu weusi zilikuwa zimejenga vibanda na nyumba ndogo katika eneo lile. Mwaka 1941 mjenzi mmoja alitaka kujenga nyumba za Wazungu kwenye shamba lililo jirani. Ili wanunuzi wapate mikopo nafuu, alihitaji FHA, shirika la serikali kuu lililoanzishwa 1934. FHA lenyewe halikukopesha. Lilizidhamini benki, na benki bila dhamana hiyo hazikuwa na haraka ya kutoa fedha. Shirika lilikataa. Eneo liko karibu mno na watu weusi, likasema, ni hatari kwa mkopo. Mjenzi akarudi na pendekezo: nikijenga ukuta kati yao? Akakubaliwa.

Napenda kulisimulia tukio hili kwa sababu linamaliza ubishi mwingi kwa wakati mmoja. Mwenye nyumba wa upande mmoja wa ukuta alipata mkopo wa miaka mingi wenye riba ndogo, nyumba yake ikapanda thamani, akawaachia watoto kitu. Wa upande wa pili hakupata. Hakuna aliyemuuliza kama analipa madeni yake. Ramani za serikali za miaka ile zilipaka mitaa ya watu weusi rangi nyekundu, na mkopeshaji alisoma rangi tu.

Vitongoji vya matajiri vilikuwa na ustadi zaidi. Grosse Pointe, mashariki mwa Detroit, madalali na wenye nyumba walikuwa na utaratibu wa alama uliofichuliwa mwaka 1960. Mpelelezi alitumwa kumchunguza mtu anayetaka kununua nyumba: jina lake likoje, lafudhi yake, weusi wa ngozi yake, marafiki zake. Akapewa alama. Mtu wa kawaida alifaulu kwa 50 kati ya 100. Mtu wa asili ya Poland alihitaji 55, Mwitaliano au Mgiriki 65, Myahudi 85. Watu weusi na wa asili ya Asia hawakusahihishwa kabisa. Sisi tuliolelewa na mitihani, tuliowahi kulia kwa alama mbili zilizopungua, tunajua alama ina sauti gani. Inasema: huyu amepimwa, hakuna aliyemwonea.

Shule za Marekani hufuata anwani. Mtoto husoma katika wilaya ya shule anamokaa, na kwa miongo mingi sehemu kubwa ya fedha ya wilaya ilitokana na kodi ya majengo ya palepale. Kwa hiyo ukishagawa nyumba, shule umezigawa bila kuandika neno "shule" popote. Hukumu maarufu ya Brown ya mwaka 1954, iliyoharamisha utengano wa rangi mashuleni, ilizikuta shule za Kusini zikiwa na sheria iliyoandikwa ya kumzuia mtoto mweusi. Detroit haikuwa na sheria kama hiyo, na haikuihitaji.

Tarehe 7 Aprili 1970 bodi ya shule ya Detroit ilijaribu kitu kidogo. Ilibadilisha mipaka ya baadhi ya shule za sekondari ndani ya mji ili vijana weusi na weupe wachanganyike. Kabla ya mwaka kwisha bunge la jimbo lilikuwa limeufuta mpango huo kwa sheria, na wapiga kura wakawaondoa madarakani wajumbe wanne waliouunga mkono. Mwezi Agosti chama cha NAACP kilikwenda mahakamani. Mlalamikaji wa kwanza aliyetajwa alikuwa Verda Bradley, mama wa watoto wanaosoma shule za mji. Aliyeshtakiwa wa kwanza, gavana William Milliken. Kwa hiyo kesi kubwa kuliko zote za shule za mijini inabeba jina la mzazi aliyekuwa analalamikia darasa la mwanawe. Kila nikiliona jina hilo namwona mama mdogo na fomu yake.

Jaji Stephen Roth, mzaliwa wa Hungaria aliyekuja Marekani utotoni, mwanzoni hakuonyesha huruma na kesi ile. Mawakili wa NAACP wakamletea ramani. Siku baada ya siku wakamwonyesha jinsi nyumba zilivyogawanywa, nani alikataa mkopo, shule mpya zilijengwa wapi na kwa nini pale. Jaji akabadilika. Septemba 1971 aliamua kwamba utengano wa Detroit ulitengenezwa, na serikali za ngazi zote zilikuwa na mkono wake humo. Mwezi Juni uliofuata akaagiza mpango uliotisha watu: Detroit na wilaya 53 za vitongoji zichanganywe, wanafunzi 780,000 kwa jumla. Sababu yake ilikuwa ya hesabu. Ndani ya mji wanafunzi weusi walikuwa tayari asilimia 64, na Wazungu wakiendelea kuhama kila mwaka. Ungewachanganya na nani? Ukijumlisha vitongoji, wangekuwa karibu robo.

Magari ya vitongojini yakabandikwa vibandiko vya kumtukana jaji. Katika mji wa Pontiac, kaskazini zaidi, ambako jaji mwingine alikuwa ameagiza mabasi ya kuchanganya watoto, wafuasi wa Ku Klux Klan walilipua mabasi kumi ya shule kwa baruti usiku wa Agosti 1971, siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Watu waliosema wanachochukia ni basi tu, si rangi ya mtu.

Hapa ndipo pana habari ambayo ningependa kila anayesema "watu walijitenga wenyewe" aijue. Jirani kabisa na ule ukuta, ng'ambo ya Eight Mile, palikuwa na kitongoji cha watu weusi chenye wilaya yake ndogo ya shule iliyoitwa Carver. Carver haikuwa na sekondari. Wilaya za Wazungu zilizoizunguka zilikuwa nazo, tena karibu. Katika miaka ya 1950 vijana wa Carver walipakiwa kwenye mabasi, wakapitishwa mbele ya sekondari hizo, wakavushwa Eight Mile, wakapelekwa kwenye shule ya watu weusi mjini Detroit. Mpaka wa wilaya ulivukwa kila asubuhi, kwa basi, kwa idhini ya wakubwa. Miaka ishirini baadaye, basi lilipotakiwa kuvuka kwa ajili ya kuchanganya, mpaka uleule ukawa kitu kitakatifu.

Julai 25, 1974, Mahakama ya Juu ya Marekani iliufuta mpango wa Roth kwa kura tano dhidi ya nne. Roth hakuisikia, alikuwa amefariki wiki mbili kabla. Jaji Mkuu Warren Burger aliandika kwamba vitongoji haviwezi kuburuzwa katika kurekebisha kosa la Detroit mpaka ithibitishwe kuwa navyo vilikosa, na kwamba mamlaka ya wenyeji juu ya shule zao ni desturi yenye mizizi. Carver ilitajwa, ikaonekana ni jambo la pekee lisilotosha. Jaji Potter Stewart, aliyezaliwa hapahapa Michigan, alitoa kura ya kuamua na maelezo mafupi: wingi wa watoto weusi mjini umetokana na mambo yasiyojulikana, labda yasiyoweza kujulikana, kama uhamiaji, uzazi, uchumi na hofu za watu binafsi.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilidhani Kiingereza changu kimenipotosha. Yasiyojulikana? Ukuta upo, naweza kukupeleka kwa basi la mji. Kisha nikagundua jambo la kiufundi, na linaniuma zaidi kuliko maneno yenyewe. Mahakama ya rufaa, katika kumuunga mkono Roth, ilikuwa imeandika kwamba haikutegemea ushahidi wa nyumba, ikitaka kuegemea makosa ya idara za shule peke yake. Nadhani walifikiri wanajenga hoja nyembamba iliyo salama. Kesi ikafika Washington bila ramani, bila FHA. Historia yote ya miaka arobaini iliachwa nje ya mlango, halafu majaji wakasema hawaijui.

Na ile mipaka yenye mizizi? Mwaka 1912 Michigan ilikuwa na wilaya za shule zaidi ya 7,000. Kufikia 1968 zilibaki 738. Jimbo lilikuwa limeziunganisha maelfu, kwa kuokoa fedha na kupata walimu, bila mtu kudai kwamba desturi imevunjwa.

Thurgood Marshall, yule aliyeiongoza kesi ya Brown akiwa wakili na sasa jaji mweusi wa kwanza wa mahakama ile, aliandika upande wa walioshindwa. Alionya kwamba huenda ikaonekana rahisi kuiacha miji mikubwa igawanyike kuwa miji miwili, mmoja mweupe na mwingine mweusi, lakini watu wa taifa lile watakuja kujuta.

Yaliyofuata nitayapita haraka, maana yanachosha kwa kufanana. Mji uliokuwa na watu 1,850,000 mwaka 1950 ulihesabiwa watu 639,000 mwaka 2020. Wanafunzi wa shule za umma, waliokaribia 300,000 katikati ya miaka ya 1960, hawakufika 50,000 nusu karne baadaye. Jimbo lilichukua uendeshaji wa shule mwaka 1999, likarudisha, likachukua tena mwaka 2009. Tangu 1994 fedha za uendeshaji hutolewa kwa kila mwanafunzi kupitia jimbo, jambo lililopunguza tofauti, lakini majengo bado hutegemea thamani ya nyumba za wenyeji. Januari 2016 walimu waligoma kwa kujitangaza wagonjwa, na picha za kuvu na panya madarasani zikaenea nchi nzima.

Ndipo tunapofika kwenye namba ambazo huja kwanza katika habari za magazeti, na ambazo mimi nimeziweka mwisho kwa makusudi. Katika mtihani wa taifa wa mwaka 2015, asilimia 6 tu ya watoto wa darasa la nne wa Detroit na asilimia 7 ya wa darasa la nane walifikia kiwango cha umahiri katika kusoma. Kiwango hicho kiko juu. Kitaifa hufikiwa na kama theluthi moja. Lakini kushuka kutoka theluthi hadi sita katika mia si habari ya ugumu wa mtihani. Watafiti huliita pengo la ufaulu, na neno "ufaulu" humfanya msomaji amtazame mtoto.

Ripoti ya mwanasosholojia James Coleman ya mwaka 1966, iliyopima wanafunzi zaidi ya nusu milioni, hunukuliwa sana kwa kusema kwamba familia huamua zaidi kuliko jengo. Ilisema pia kwamba unaokaa nao darasani wana uzito. Nusu hiyo ilisahaulika upesi. Halafu kuna jambo ambalo hata darasani kwetu lilishangaza watu: kati ya 1971 na 1988 tofauti ya kusoma kati ya vijana weusi na weupe wa miaka 17 ilipungua kutoka zaidi ya pointi 50 hadi karibu 20. Wazazi walikuwa wamesoma zaidi, familia zimekuwa ndogo, na shule za Kusini ndizo zilizokuwa zimechanganywa zaidi. Wataalamu hugombania kila sababu ilichangia kiasi gani. Mchumi Rucker Johnson, aliyefuatilia maisha ya watoto wa kipindi kile hadi utu uzima, alikuta kwamba watoto weusi waliopitia shule zilizochanganywa walisoma zaidi na kupata kipato zaidi, na weupe hawakupoteza kitu. Kwa hiyo pengo lilikuwa linaziba. Baadaye likasimama.

Nakiri sijawahi kuipenda hoja kwamba mtoto mweusi hujifunza kwa kukaa jirani na mweupe. Wazee wengi weusi wa Detroit hawakuipenda pia. Walitaka shule zao, fedha zao na mamlaka yao. Marshall, ninavyomsoma, hakuwa anazungumzia ujirani. Alikuwa anazungumzia mahali fedha na macho ya wakubwa hukaa. Mama mdogo hakutaja rangi ya mtu. Alitaja maktaba.

Mwaka 2016 wanafunzi saba wa Detroit walilishtaki jimbo kwa kutowafundisha kusoma. Aprili 2020 majaji wawili kati ya watatu wa mahakama ya rufaa walikubali kwamba Katiba inampa mtoto haki ya elimu ya msingi inayomwezesha kusoma. Wiki tatu baadaye gavana akafanya suluhu nao, na siku chache baada ya hapo mahakama nzima ikaifuta hukumu hiyo. Fedha zilizoahidiwa shule, zaidi ya dola milioni 94, ziliidhinishwa mwaka 2023. Haki yenyewe ilidumu chini ya mwezi mmoja.

Sikutia saini. Nilimwambia mama mdogo kwamba niko hapa kwa viza ya masomo na kiapo cha uongo kinaweza kunirudisha nyumbani kabla ya shahada. Ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba niliogopa tu, na kwamba ningeweza kuandika kurasa sitini nyingine juu ya mpaka ule bila kuhatarisha chochote. Aliitikia, "Sawa, mwanangu," akaenda kujitayarisha kwa zamu yake ya usiku, anahudumia wazee. Hajaligusia tena.

Mdogo wangu alianza shule mjini. Anampenda mwalimu wake, ambaye ni wa tatu tangu Septemba. Jumamosi huja kwangu na tunasoma, kisha namrudisha kwa basi. Wiki iliyopita alikuwa anasoma vibao vyote kwa sauti, mpaka abiria wakawa wanacheka. Tulipofika kwenye makutano akasoma polepole, "Eight. Mile." Akanigeukia.

"Maili nane kutoka wapi?"

"Kutoka katikati ya mji."

Akafikiri. "Si mbali," akasema, akarudi dirishani kutafuta kibao kingine.